Mgeni Aliyenitangulia Siyu

Kama ningekuwa mtu wa kubuni, ningebuni kisa kinachonifanya nionekane mwema. Hiki hakinifanyi hivyo, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kukuomba uniamini. Mimi ni mwalimu mstaafu, mwanamke wa Machakos, mtu wa kanisa. Sinywi pombe, na sijawahi kuumwa kichwa cha kuniondolea fahamu. Haya yalinipata mchana, jua likiwaka, nikiwa na akili zangu zote. Ukimaliza kunisikiliza unaweza kusema utakalo, lakini usiseme nilikuwa naota.

Nilistaafu mwaka uleule tuliomzika mume wangu. Mwanangu mmoja yuko Nairobi, mwingine ng'ambo. Nyumba yangu ina vyumba vinne nami nalala katika kimoja. Sijui kama wewe unaujua ukimya wa nyumba ya namna hiyo. Unafika mahali unaifungulia redio si kwa sababu unataka kusikiliza, bali ili kuwe na mtu anayesema. Mwaka wa pili wa ukimya huo niliamua kuwasha gari langu dogo na kwenda Lamu, peke yangu, nikazione tena nyumba za mawe nilizokaa ujanani, na nikawaone marafiki zangu wawili.

Marafiki hao ni ndugu, Bi Rukia na mdogo wake Somoe. Nilipopelekwa Lamu kufundisha nilikuwa na miaka ishirini na miwili, simjui mtu, sijui hata kuvaa leso vizuri. Mama yao alinipa chumba cha juu katika nyumba yao ya Mkomani, nyumba ya kale yenye kuta nene kama za ngome na safu za zidaka, vile vishubaka vya chokaa vinavyochongwa ukutani kuwekea vyombo vya thamani. Nilikaa nao miaka minne. Rukia alikuwa ameshaolewa. Somoe alikuwa rika langu, na ndiye aliyenifanya nisifungashe virago nikarudi kwetu mwezi wa kwanza. Jioni tulikuwa tukikaa darini, yeye akinifundisha Kiamu, lahaja yao ya Lamu, mimi nikimfundisha hesabu, maana alitaka awe mwalimu kama mimi.

Sasa kuna jambo lazima nikwambie mapema, la sivyo hutaelewa mengine yote.

Somoe aliomba nafasi katika chuo cha ualimu bara. Nilimwandikia maombi kwa mkono wangu. Majibu yalikuja kwa sanduku la posta la shule, na barua ikapita mikononi mwangu. Alikuwa amekubaliwa. Nilipanda nayo chumbani nikikusudia kumpa jioni. Jioni ilipofika nikajisemea, nitampa kesho. Unajua kwa nini? Kwa sababu akienda, nitabaki peke yangu. Hakuna sababu nyingine. Kesho ikawa kesho kutwa, tarehe ya kuripoti ikapita, kisha nikaitia barua kwenye jiko la makaa na kuitazama ikiungua. Somoe alingoja mpaka akachoka. Mwaka huohuo akaozwa Siyu, kisiwani Pate, kwa mshona viatu vya ngozi, nami nikabaki peke yangu vilevile. Mwaka uliofuata nikahamishwa.

Tangu hapo hatukuonana. Lakini tulizungumza, kwanza kwa barua, kisha kwa simu. Kila mwaka Somoe aliniuliza, "Utakuja lini, Mwalimu?" Nami kila mwaka nilimjibu, "Desemba nitakuja." Mtoto akimaliza shule, nitakuja. Nikistaafu, nitakuja. Zaidi ya miaka thelathini.

Basi nikaondoka Machakos siku ya Jumapili baada ya ibada. Nililala Voi, Jumatatu nikafika Malindi. Kila kizuizi cha polisi niliulizwa swali lilelile: "Mama, uko peke yako?" Niko peke yangu. Nilikuwa nimemwambia Rukia kwa simu kwamba Jumanne nitakuwa kwake, na yeye akampasha Somoe habari. Jumanne asubuhi nikafunga mkoba, nikakaa ukingoni mwa kitanda cha nyumba ya wageni, na miguu ikakataa kuinuka. Nilikuwa nimeipanga ile sentensi njia nzima: Somoe, barua yako ilikuja, mimi niliichoma. Nilipoitamka kwa sauti humo chumbani niliona haya mbele ya ukuta mtupu. Nikazima simu. Nikakaa Jumanne nzima, nikakaa Jumatano nzima. Sikumwarifu mtu yeyote. Kumbuka hizo siku mbili.

Alhamisi alfajiri nilijikaza. Nikapita Garsen na Witu, nikaliacha gari Mokowe, nikavuka kwa boti. Baada ya adhuhuri nilikuwa Lamu, mtaa wa Wiyoni, ambako Rukia anaishi siku hizi na binti yake. Nilikuwa nimebeba kiondo nilichomsukia mwenyewe. Nikapiga hodi. Alifungua mlango mwanamke mzee mwenye macho yaleyale ya Rukia, na maneno yake ya kwanza kwangu ana kwa ana baada ya miaka yote hiyo yalikuwa haya:

"Umesahau nini, Mwalimu?"

"Sijasahau kitu, Bi Rukia. Ndiyo kwanza nafika."

Akacheka, akanishika mkono. "Yana tumeagana papa hapa mlangoni. Ndoo ndani, usisimame juani."

Yana, kwa watu wa Lamu, ndiyo jana, na ndoo ndiyo njoo.

Nilidhani ni mzaha wa wazee. Nikaketi. Nikamwambia tena kwamba nimetoka Malindi asubuhi ile. Uso wake ukabadilika polepole, akanitazama jinsi unavyomtazama mtoto mwenye homa. Akanieleza taratibu, kwa upole mkubwa, kwamba nilifika Jumanne kama nilivyoahidi. Nilikaa kwenye kiti kilekile. Tulilia pamoja kwa ajili ya waume zetu. Nililala kwake, na Jumatano asubuhi nikapanda boti kwenda Siyu kwa Somoe.

"Ila hukula," alisema. "Ulisema umefunga. Nikastaajabu, Mwalimu Mkristo kufunga siku ya Jumanne, lakini sikukuuliza."

Nikwambie nilifikiri nini? Nilifikiri maskini Rukia, umri umemwendea akilini. Na yeye, nilimwona wazi, alikuwa akifikiri hayohayo juu yangu. Tulikaa tukioneana huruma. Binti yake aliporudi kutoka sokoni alinisalimia bila mshangao wowote, akauliza, "Bi Somoe hajambo?"

Nikasema nakwenda kuiona nyumba ya Mkomani, nikitaka tu kupata hewa. Familia iliiuza zamani, na mwenyewe wa sasa, mtu wa mbali, ameifanya nyumba ya wageni. Kuta zimepakwa upya, zidaka zimewekwa taa ndogondogo za umeme. Msimamizi wake ni mtu mzima wa kwetu Ukambani, Bwana Mutua, na nilifurahi kumtambua kwa lafudhi yake kabla hajaniambia jina. Lakini furaha haikudumu.

"Umerudi, mama," alisema. "Juzi ulikaa sana huko juu hata nikaogopa umeugua. Ulikuwa umesimama tu mbele ya ukuta."

Nikamsalimia kwa Kikamba, sijui kwa nini, labda kwa kutafuta kitu cha kushika. Akashangaa.

"Kumbe wewe ni wa kwetu? Juzi nilikusalimia hivyohivyo kwa sababu ya sura yako, ukanitazama kama sijasema kitu."

Niamini, hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Kwamba kuna mwanamke anayepita Lamu akitumia sura yangu, hilo akili inaweza kulizungukazunguka. Lakini mwanamke huyo alijua Kiswahili changu, alijua jina la mume wangu, alijua chumba changu, na Kikamba hakukijua. Nilipokaa katika nyumba ile sikuwahi kuzungumza Kikamba. Sikuwa na wa kuzungumza naye.

Sikupanda juu. Nilirudi Wiyoni nikipita pembeni ya vichochoro, nikimtazama kila mwanamke aliyenijia mbele.

Baada ya magharibi Rukia aliingia kuswali, nami nikawasha simu kwa mara ya kwanza tangu Malindi. Hapakuwa na simu hata moja niliyokosa, wala ujumbe. Hakuna aliyenitafuta siku mbili nzima. Kwa nini wanitafute? Nilikuwa nimefika. Nikampigia Somoe. Iliita mara tatu, ikapokewa.

"Somoe yuko jikoni," ilisema sauti ya mwanamke. "Nani mwenzangu?"

Umewahi kusikia sauti yako mwenyewe imerekodiwa? Mwanzoni huitambui, halafu unajua ni yako. Ilikuwa sauti yangu. Nyuma yake nilimsikia Somoe akicheka kwa mbali na kuuliza, "Nani?" Nayo ile sauti yangu ikamjibu, bila haraka, "Si mtu." Kisha simu ikakatwa.

Usiku ule sitausimulia, nililala na taa ikiwaka, nao ukapita. Utaniuliza kwa nini asubuhi sikukimbilia Mokowe nikaingia garini. Nami nakujibu kwa ukweli: nilimhofia Somoe, amelala nyumba moja na kitu asichokijua. Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni wivu. Kicheko kile cha Somoe kwenye simu kilikuwa changu. Nilikuwa nimeendesha gari siku tatu kukifuata, na mwingine alikuwa amekaa akikisikiliza.

Rukia alinisindikiza mpaka gatini. Hakunibishia tena. Alinivalisha buibui lake kwa ajili ya upepo, akanisomea dua chini ya pumzi, akamwambia nahodha aniangalie kwa sababu "Mwalimu siku hizi anasahau." Boti ilingoja maji yajae ndipo ikapita katikati ya mikoko, nami nikakaa nyuma kabisa, wanawake wengine wakizungumza juu ya harusi ya Kizingitini na hakuna aliyenisemesha. Tulishuka Mtangawanda, nikapanda bodaboda mpaka Siyu. Adhana ya Ijumaa ilikuwa imeshapita, wanaume wako msikitini, na mji ulikuwa kimya, vivuli vimejificha chini ya kuta.

Nyumba ya Somoe ni ya matofali, vyumba viwili, imejengwa ubavuni mwa nyumba ya kale ya mawe ya wazee wa mumewe. Ile ya kale haikaliwi. Sehemu ya dari imeanguka na boriti zimebaki zikitokeza. Nilibisha hodi mara tatu kwenye ile mpya. Kimya. Mlango wa ile ya kale, mlango mzito wa nakshi uliofifia, ulikuwa wazi.

Nikaingia. Nilipita daka, ule ukumbi wa mlangoni wenye mabenchi ya mawe, nikavuka kiwanja cha ndani, nikasimama kwenye kizingiti cha chumba cha nyuma. Jua lilikuwa likimwagika kutoka pale dari ilipobomoka. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi kwenye ukingo wa sakafu iliyoinuka, amenipa mgongo, ameelekea ukuta wa zidaka. Alikuwa amevaa sweta langu la buluu. Nami nilikuwa nimelivaa sweta hilohilo chini ya buibui la Rukia.

Hakugeuka haraka, aligeuka kama mtu anayemaliza kwanza alichokuwa akikifanya. Alikuwa mimi. Miwani yangu, mvi zangu, kovu la kidevuni nililolipata nikiwa mtoto. Lakini mimi nilikuwa nikitiririka jasho, na paji lake la uso lilikuwa kavu kama chokaa. Viatu vyangu vilikuwa vimejaa vumbi na tope la Mtangawanda. Vyake vilikuwa hivyohivyo, jozi moja, na havikuwa na hata punje ya mchanga.

"Umechelewa, Mwalimu," alisema.

Nilimuuliza yeye ni nani.

"Mimi ndiye niliyekuja."

Nilijaribu kukumbuka sala. Ninazijua sala nyingi, nimewafundisha watoto, na hapo sikupata hata moja. Nikauliza anataka nini kwa hawa watu. Alianza kusema, taratibu, kana kwamba anasoma: "Desemba nitakuja, Somoe, Mungu akipenda." Ilikuwa sauti yangu ya ujana, sauti ya msichana, sauti niliyoisahau mimi mwenyewe. "Mwaka huu mtoto anaumwa, mwakani nitakuja." Sauti ilikuwa imekua kidogo. "Mkubwa akimaliza shule nitakuja." Akaendelea, ahadi moja baada ya nyingine, na sauti ikizeeka kinywani mwake, mpaka akafika kwenye ile ya mwisho niliyomwambia Rukia nikiwa Machakos: "Jumanne nitakuwa kwako." Nilikuwa nimeshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Ninachotaka ukielewe ni kwamba hakuwa na hasira. Sijui kama ni jini, na masheikh niliowauliza baadaye kila mmoja amenipa jina lake. Mimi nilichokiona ni mtu aliyeitwa mara nyingi sana, kisha akatumwa.

"Umemwambia?" nilimuuliza. "Habari ya barua?"

"Nimemwambia."

"Amesema nini?"

Hapo tu ndipo uso wake ulipobadilika. Uliingia upole ambao sijawahi kuuona kwenye kioo.

"Aliloniambia ni langu," alisema.

Akainuka. Alipita karibu nami, karibu kabisa, bila kunigusa, na nikasikia harufu ya chumba kilichofungwa miaka mingi. Nikageuka kumfuata. Kiwanja kilikuwa kitupu. Juu ya mchanga wake palikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, zikiingia, nazo zilikuwa zangu.

Nilichozindukia ni sauti ya Somoe nje.

"Mwalimu? Bado hukwenda? Chombo kimekuacha?"

Alikuwa amesimama mlangoni na sahani iliyofunikwa, anatoka kwa jirani aliyefiwa. Amenenepa, meno mawili hana, na nilimtambua kabla sijamtazama vizuri. Nikataka kumkimbilia na kumkumbatia. Ni zaidi ya miaka thelathini, fikiria. Lakini yeye alinitazama kama unavyomtazama mgeni uliyemuaga asubuhi na ukaona bado yuko barabarani. Kwa mapenzi, naam, lakini mapenzi yaliyokwisha kuagana. Machozi ya kukutana yalikuwa yameshamwagika, na si mimi niliyeyamwaga.

Aliniingiza ndani, akanipakulia wali na samaki. Nilikula kwa sababu sikujua la kufanya kwa mikono yangu. Akafurahi.

"Alhamdulillahi, leo umekula. Siku mbili hukugusa kitu, nikadhani ni majonzi."

Nikaweka sahani chini. "Somoe, nina neno la kukwambia. Lile neno lililonileta."

Akajua mara moja. Akainua kiganja.

"Umeshalisema."

"Nataka kulisema mimi."

"Ni wewe uliyelisema. Hapo hapo ulipokaa." Akatazama mlangoni kidogo, kisha akanirudishia macho. "Mwalimu, Jumatano nilikuchukia. Nilikwambia, sikukuficha. Nilikwambia ondoka kwangu, nawe hukuondoka, ulikaa chini mpaka alfajiri ukanisikiliza. Nilisema yote. Habari ya ndoa nisiyoitaka, habari ya wanangu waliokufa, habari ya kila mwaka shule zikifunguliwa na mimi nimesimama hapa nikiwatazama walimu wa bara wakishuka kwenye boda. Ulinisikiliza kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisikiliza. Alfajiri nikakusamehe. Usinitake nikusamehe tena. Sina nguvu ya kufanya jambo lile mara mbili."

Ningemwambiaje? Ningesema, yule hakuwa mimi, mimi nilikuwa Malindi nimezima simu? Ningemnyang'anya hata alfajiri yake. Nikamshika mkono, naye akanipapasa kiganja mara mbili tatu, kama unavyomtuliza mtu anayesafiri.

"Twende nikusindikize," alisema. "Boti ya mwisho haingoji."

Nikasindikizwa. Nilikaa Siyu saa tatu kwa jumla.

Hayo yametimiza miaka mitatu sasa. Nimerudi kwenye nyumba yangu ya vyumba vinne. Somoe hunipigia simu kila Ijumaa baada ya swala, na tunazungumza kuliko tulivyowahi kuzungumza. Hunikumbusha mambo ya zile siku mbili: "Ulivyonichekesha na kile kisa cha mkaguzi wa shule!" Mimi hucheka. Sina kisa chochote cha mkaguzi wa shule. Nimejifunza kumchokonoa polepole, hili leo, lile wiki ijayo, mpaka nimeyajua karibu yote aliyosema yule mwingine, na mengine ni mazuri, ni maneno ambayo ningetaka yawe yangu. Rukia naye huniombea dua kwa ajili ya akili yangu na kuniuliza kama nimekunywa dawa. Marafiki nimewapata. Lakini kila wanapolitaja jina langu kwa upendo, najua wanamtaja nani.

Ninacho kingine ambacho mpaka leo sijamwambia mtu. Mwezi uliopita Somoe aliniuliza swali lake la zamani, "Utakuja lini, Mwalimu?" Sikujibu. Siku hizi sijibu swali hilo, husema sijui, hata akikasirika. Safari hii hakukasirika.

"Si neno," alisema. "Najua ukisema hujui, utakuja tu. Juzi jioni niliwasha taa kwenye nyumba ya kale, maana niliona kama mtu amekaa ndani. Nikasema huyo ni Mwalimu ameanza safari."

Nimelijaza gari mafuta. Sijampigia mtu simu, sijataja siku, sijasema neno hata kwa majirani. Kesho alfajiri nakwenda, na safari hii sitalala Malindi.

Nawe unayenisikiliza, jichunguze. Kuna mtu mahali fulani umemwambia utakuja. Shangazi, rafiki wa shule, mama mzazi labda. Umemwambia mara ngapi? Usimwambie tena. Kama hutakwenda, mwambie leo kwamba hutakwenda, alie, yaishe. Na kama utakwenda, nenda ungali wewe ndiye unayengojwa.